Jinsi ya Kuutembelea Mji Mkongwe wa Quito kwa Siku Moja

Quito, mji mkuu wa Ekuador, umelala katika bonde jembamba la milima ya Andes, chini ya volkano ya Pichincha, kwenye mwinuko wa mita 2,850 hivi kutoka usawa wa bahari. Aliyewahi kuupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ataielewa hesabu hiyo upesi: kituo cha Mandara, ambako wapandaji hulala usiku wao wa kwanza, kiko mita 2,720, maana yake ni kwamba mtu aliyesimama dukani Quito akinunua mkate yuko juu zaidi ya mpandaji aliyemaliza siku nzima ya kwanza mlimani. Mgeni anayeupuuza mwinuko huo huishia kukaa kwenye ngazi za kanisa akihema, huku wenzake wakiendelea na matembezi.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaipanga siku kwa kufuata pumzi na mawingu, na ramani inakuja baadaye. Asubuhi anga la Quito huwa safi na miguu bado ina nguvu, kwa hiyo mambo ya juu yatatangulia, tena kwa teksi. Baada ya hapo njia karibu yote ni ya kuteremka au ya tambarare. Mchana mawingu yanaposhuka na mvua kuanza, msafiri atakuwa ndani ya makanisa na makumbusho, mahali ambapo mvua haimdhuru.

Kabla ya siku yenyewe

Usipange matembezi haya siku unayotua. Pumzika angalau siku moja, kunywa maji mengi, kula kidogo kidogo, na uache pombe. Maumivu mepesi ya kichwa na kukosa usingizi, hali ambayo wenyeji huiita *soroche*, ni ya kawaida na aghalabu hupita yenyewe. Lakini maumivu yanayozidi, kutapika au kukosa pumzi mtu akiwa ameketi ni sababu ya kumtafuta daktari mara moja. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu azungumze na daktari wake kabla hata ya kukata tiketi ya ndege, na mwenye selimundu asilichukulie jambo hili kwa wepesi kabisa, kwa kuwa uhaba wa oksijeni unaweza kuuamsha ugonjwa huo kwa ukali.

Fedha inayotumika ni dola ya Marekani, ambayo Ekuador iliichukua mwaka 2000 baada ya sarafu yake ya zamani, sucre, kuporomoka. Tafuta noti ndogo tangu benki, kwa maana muuza maji au dereva wa teksi hatakuwa na chenji ya noti ya dola 50, na wengine hukataa hata kuigusa noti ya 100. Senti zinazotengenezwa na Ekuador yenyewe zinalingana kwa ukubwa na zile za Marekani, lakini hazina thamani nje ya nchi, hivyo zimalize kabla ya kuondoka.

Vaa nguo za tabaka. Asubuhi ni ya koti, saa sita mchana ni ya shati jepesi, na saa kumi huenda ikawa ya mwavuli, hasa kati ya Oktoba na Mei, miezi ya mvua. Kofia na krimu ya kukinga jua ni lazima kwa mtu wa rangi yoyote: ikweta inapita kilomita zisizofika 30 kaskazini mwa mji, na hewa ya mwinuko huo ni nyepesi mno kuyazuia makali ya jua, hata kunapokuwa na ubaridi. Viatu viwe vya soli isiyoteleza, kwa sababu mawe ya barabara za mji mkongwe yamesuguliwa na nyayo za karne kadhaa, na yakilowa huwa kama sabuni.

Kuhusu siku ya kuchagua, iepuke Jumatatu, kwa kuwa baadhi ya makumbusho hufungwa. Jumapili ina utulivu na baadhi ya mitaa huzuiliwa magari, ila makanisa huwa na ibada, na si adabu kuzungukazunguka na kamera watu wakiwa wamepiga magoti. Jumanne hadi Ijumaa ndizo siku zinazofaa zaidi.

Neno moja kuhusu saa. Kwa kuwa Quito iko karibu kabisa na ikweta, jua lake huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, kama ilivyo Nanyuki au Kampala, na kwa hiyo hesabu yetu ya saa inaufaa mji huo barabara. Saa zote hapa ni za Kiswahili; bango la makumbusho likiandika 9:00, maana yake ni saa tatu asubuhi.

Saa mbili asubuhi: kilima cha El Panecillo

Panda teksi rasmi, ambayo ni ya rangi ya njano na ina mita, au iagizwe na hoteli yako, na umwombe dereva akupeleke El Panecillo, kilima cha mviringo kinachoutenga mji mkongwe na mitaa ya kusini. Kubalianeni mapema kwamba atakusubiri juu kwa nusu saa na kisha kukupeleka kanisa la Basílica. Usikubali kupanda kwa miguu, hata kama ngazi zinaonekana kuvutia na kilima kinaonekana kiko karibu. Wageni wameporwa kwenye njia hiyo kwa miaka mingi, na wenyeji wenyewe watakuonya.

Juu ya kilima imesimama sanamu ya Bikira Maria mwenye mabawa, iliyoungwa kwa vipande vipatavyo 7,000 vya alumini katika miaka ya 1970 na mchongaji Mhispania Agustín de la Herrán Matorras. Itazame vizuri, kwa sababu mchana utakutana na mama yake, kwa namna ya kusema: sanamu ndogo ya mbao ya karne ya 18 ambayo hii kubwa iliigizwa kwayo. Bikira huyu anaelekea kaskazini, na watu wa kusini mwa Quito hutania kwamba amewapa mgongo.

Kilichokuleta hapa hasa ni kuuona mji mzima kabla ya kuingia ndani yake. Chini yako utaona mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari, ambayo Wahispania waliipima baada ya Sebastián de Benalcázar kuuanzisha mji wao tarehe 6 Desemba 1534 juu ya makazi ya Wainka, wala hawakujali kwamba ardhi yenyewe ina mabonde na miinuko. Ndiyo maana barabara iliyonyooka kwenye ramani inaweza kuwa mteremko wa kuvunja magoti. Tafuta kwa macho minara miwili ya kijivu upande wa kaskazini, ambayo ndiyo Basílica. Kuba za kijani. Na uwanja mpana mweupe wa San Francisco. Anga likiwa wazi kabisa, kusini-mashariki hujitokeza Cotopaxi, volkano yenye theluji inayofikia mita 5,897, ambayo inakaribia kulingana na Kibo. Kufika saa nne mara nyingi imeshajifunika.

Saa tatu asubuhi: Basílica del Voto Nacional

Kanisa hili si la enzi ya ukoloni, ingawa wageni wengi hudhani hivyo kwa kuona minara yake iliyochongoka. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1892, Papa Yohane Paulo II alilibariki mwaka 1985, na wenyeji husema kwamba siku litakapokamilika kabisa ndipo dunia itakapokwisha, hadithi ambayo huenda imewasaidia mafundi waliochelewa kazi.

Kabla ya kuingia, zunguka nje na uinue macho. Makanisa ya namna hii huko Ulaya huwa na midomo ya mawe inayotema maji ya mvua kutoka paani, iliyochongwa kwa sura za mazimwi. Hapa mazimwi yaliachwa, na badala yake wakachongwa wanyama wa Ekuador: iguana, kobe wa Galápagos, kakakuona wa Amerika, nyani, na kadhalika. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la kupendeza kuliko yote katika jengo hili, na linatazamwa bure.

Kupanda minara kunalipiwa kwa tiketi ya dola chache. Njia inapita kwenye daraja jembamba la mbao lililotandikwa juu ya dari la kanisa, kisha ngazi za chuma zilizosimama karibu wima hukutoa nje, angani. Panda polepole, ukisimama kila baada ya ngazi chache. Kasi inayokufaa ni ile inayokuruhusu kuzungumza bila kukatika pumzi. Mwenye kuogopa vimo aishie kwenye dirisha la juu ya mlango mkuu, ambako mandhari yanatosha kabisa, na asione haya, maana ngazi za mwisho zimewarudisha watu wengi wenye vifua vipana. Mvua ikiwa imeanza, usipande.

Saa nne na nusu: kuteremka hadi Plaza Grande

Kutoka Basílica ufuate mtaa wa Venezuela kuelekea kusini. Ni mwendo wa robo saa hivi, wote wa kuteremka, na utaishia Plaza de la Independencia, ambayo kila mtu huiita Plaza Grande. Simu iwe mfukoni na begi liwe mbele ya kifua. Vibaka wa eneo hili ni hodari wa kumzongazonga mtu, na mbinu yao ya kale ni kukurushia uchafu begani kisha mwema mmoja akajitokeza kukufuta.

Keti kwenye benchi, kwa sababu uwanja huu unasomwa vizuri zaidi mtu akiwa ameketi. Upande mmoja ni ikulu, Palacio de Carondelet. Upande wa pili Kanisa Kuu. Wa tatu jumba la askofu mkuu, ambalo sasa lina maduka na mikahawa. Na wa nne ofisi za manispaa, jengo la zege ambalo angalau linajitahidi kutowatia wenzake aibu. Katikati kuna mnara wa mashujaa wa tarehe 10 Agosti 1809, siku ambayo watu wa Quito waliunda serikali yao wenyewe na kuikataa ile ya mtawala wa Kihispania. Mtazame simba aliyejeruhiwa chini ya mnara: huyo ni Uhispania. Kondori, ndege wa Andes, anaivunja minyororo.

Furaha ya 1809 haikudumu. Wapigania uhuru walikamatwa, na tarehe 2 Agosti 1810 wengi wao waliuawa wakiwa mahabusu katika kambi ya askari iliyokuwa hatua chache kutoka hapa, katika jengo ambalo leo ni Centro Cultural Metropolitano. Ndani yake kuna sanamu za nta zinazoonyesha mauaji hayo, nazo zinafaa kutazamwa na mtu mwenye moyo mgumu. Uhuru ulikuja kwa vita vya Pichincha, vilivyopiganwa tarehe 24 Mei 1822 kwenye mlima huohuo unaouona nyuma ya ikulu, chini ya Jenerali Antonio José de Sucre.

Sucre amezikwa ndani ya Kanisa Kuu, na kaburi lake ni sababu tosha ya kuingia. Yeye ndiye aliyeipa jina ile sarafu iliyokufa mwaka 2000. Kanisa hilo na ujirani wake vina pia historia ya damu. Tarehe 6 Agosti 1875 Rais Gabriel García Moreno alishambuliwa kwa panga mlangoni mwa ikulu, jirani kabisa na hapa, akafa. Miaka miwili baadaye, Ijumaa Kuu ya mwaka 1877, Askofu Mkuu José Ignacio Checa y Barba alikunywa divai ya ibada iliyotiwa sumu, akafa naye. Mtaa unaopita kati ya ikulu na kanisa unaitwa García Moreno, ila jina lake la zamani ni Mtaa wa Misalaba Saba, kwa ajili ya misalaba ya mawe iliyosimama mbele ya makanisa yake.

Saa sita kasorobo: La Compañía de Jesús

Ufuate mtaa huohuo wa García Moreno kuelekea kusini kwa dakika mbili au tatu, na upande wa kulia utaona ukuta wa mawe ya volkano uliochongwa bila kuacha hata nafasi ya kiganja. Hili ni kanisa la Wajesuiti, shirika la mapadre wa Kikatoliki. Ujenzi ulianza mwaka 1605 na kumalizika mwaka 1765, yaani miaka 160, na mwaka 1767, baada ya miaka miwili tu, mfalme wa Uhispania akawafukuza Wajesuiti wote katika himaya yake. Ukilikumbuka hilo, utaingia ukiwa na huruma kidogo kwa waliolijenga.

Ndani, kila kitu kimefunikwa kwa dhahabu iliyofuliwa hadi ikawa nyembamba kuliko karatasi na kubandikwa juu ya mbao zilizochongwa: dari, nguzo, mimbari, madhabahu. Jicho halipati pa kupumzika. Tumia angalau dakika 40, na ukiweza chukua mtembezaji wa wageni wa hapo kanisani, kwani mambo mengi hayaonekani bila kuonyeshwa. Karibu na mlango kuna mchoro mkubwa wa Jehanamu, ambamo kila mwenye dhambi anaadhibiwa kwa kosa lake huku jina la dhambi likiwa limeandikwa kando yake. Unaouona leo ni nakala ya karne ya 19 ya mchoro uliotengenezwa mwaka 1620. Chini ya madhabahu kuu yamehifadhiwa mabaki ya Mariana de Jesús, mtakatifu wa Quito, aliyefariki mwaka 1645. Uliza kwanza kabla ya kupiga picha, na ukijibiwa hapana, usiibe.

Yafaa kukumbuka hapa ni akina nani waliofanya kazi hii. Dhahabu na amri zilikuwa za Wahispania na kanisa lao, lakini sehemu kubwa ya wachongaji na wachoraji wa Quito walikuwa wenyeji wa asili na machotara. Mashuhuri miongoni mwao ni Manuel Chili, Mwenyeji wa asili aliyejulikana kama Caspicara. Hata Waafrika wamo katika historia ya sanaa ya mji huu. Mwaka 1599 Andrés Sánchez Galque, mchoraji mwenyeji wa Quito, aliwachora Don Francisco de Arobe na wenzake wawili, viongozi wa watu wenye asili ya Kiafrika wa pwani ya Esmeraldas, wakiwa wamevaa mavazi ya kifahari na mapambo ya dhahabu usoni. Picha hiyo ilipelekwa kwa mfalme na imebaki Madrid, kwa hiyo usiitafute hapa.

Saa saba: chakula cha mchana

Tafuta mkahawa wenye kibao cha *almuerzo*, yaani mlo kamili wa mchana wenye supu, chakula kikuu na juisi kwa bei moja ndogo. Hupikwa kwa ajili ya wafanyakazi wa ofisi, na kwa hiyo foleni ya watu wenye tai ndiyo ushahidi bora wa ubora. Supu ya kutafuta ni *locro de papas*, ya viazi na jibini, inayoandaliwa na vipande vya parachichi. *Seco de chivo* ni mchuzi mzito wa mbuzi unaoliwa kwa wali, na mtu wa pwani hatajiona mgeni mbele yake. *Mote* ni mahindi makubwa meupe yaliyochemshwa na kumenywa, ndugu wa mahindi ya makande. Juisi ya *tomate de árbol* ni ya magogwe yaleyale yanayolimwa Lushoto. Asiyekula nguruwe ayajue maneno *chancho* na *cerdo*, na ajihadhari na *hornado* na *fritada*, ambavyo vyote ni nguruwe.

Kula kwa kiasi. Katika mwinuko huu tumbo hufanya kazi taratibu.

Saa nane: San Francisco, mvua ikinyesha au isiponyesha

Kutoka La Compañía panda mtaa mmoja kuelekea magharibi na utatokea kwenye uwanja wa San Francisco. Hiki ndicho kipande pekee cha kupanda baada ya asubuhi, nacho ni kifupi. Konventi, yaani nyumba ya watawa, ya Wafransisko ilianzishwa mara baada ya mji wenyewe, na Jodoco Ricke, mtawa kutoka Flandria, anasifiwa kwa kuleta ngano ya kwanza.

Simama kwenye ngazi za mviringo zinazopanda hadi mlangoni, kwa sababu zina kisa chake. Inasimuliwa kwamba Mwenyeji mmoja aitwaye Cantuña alikuwa amepewa kandarasi ya kuujenga ukumbi wa nje, muda ukamwishia, akamuuzia Shetani roho yake kwa sharti kwamba mawe yote yawe yamewekwa kabla ya mapambazuko. Mashetani walifanya kazi usiku kucha. Lakini kulipopambazuka jiwe moja lilikuwa halipo, mkataba ukavunjika, na Cantuña akaokoka. Waulize watoto wanaocheza pale jiwe lenyewe lilikuwa la wapi, na kila mmoja atakuonyesha mahali pake.

Ndani, juu ya madhabahu kuu, ndipo alipo yule Bikira mdogo mwenye mabawa, aliyechongwa na Bernardo de Legarda mwaka 1734. Ni mdogo kuliko mtu, amegeuza kiuno kama anayecheza, na ukimlinganisha na jitu la alumini la El Panecillo utaona jinsi ukubwa unavyoweza kuua uhai wa kitu.

Saa tisa na nusu: Carmen Alto na Museo de la Ciudad

Rudi García Moreno na uendelee kusini hadi tao linalokatiza mtaa, Arco de la Reina. Upande mmoja ni konventi ya masista Wakarmeli ya Carmen Alto. Masista hao hawaonekani, lakini huuza asali na vitu vingine vidogo kupitia kabati la mbao linalozunguka ukutani: unataja unachotaka, unaweka fedha, kabati linazunguka, na bidhaa inatokea bila uso.

Upande wa pili ni Museo de la Ciudad, katika jengo la hospitali iliyoanzishwa mwaka 1565 na kuendelea kuwatibu watu hadi mwaka 1974. Ua zake mbili zinafaa sana kwa kungojea mvua ipite. Aliyechoka apite vyumba vya hospitali tu na kuyaacha mengine.

Saa kumi na moja hadi usiku: La Ronda

Mteremko mfupi kutoka kwenye tao unakufikisha La Ronda, mtaa mwembamba wenye roshani za maua na karakana za mafundi wa kofia, vinyago na peremende. Kofia za majani ambazo dunia inaziita za Panama hutoka Ekuador, na ukimwambia hivyo muuza kofia atakupunguzia bei au atakupa hotuba. Onja *empanada de viento*, andazi kubwa lililojaa jibini na hewa na kunyunyiziwa sukari, pamoja na *canelazo*, kinywaji cha moto cha mdalasini kinachotiwa pombe ya miwa; asiyekunywa pombe aseme *sin licor*.

Kurudi mitaa ya kaskazini, kituo cha metro cha San Francisco kiko chini ya uwanja ule wa mchana. Reli hiyo ya kilomita 22 na vituo 15 ilifunguliwa Desemba 2023 kwa nauli ya senti 45. Soma saa ya treni ya mwisho kwenye bango asubuhi, na giza likiwa limeingia sana usiyapande tena mawe yale kwa miguu: mwombe mwenye mkahawa akuitie teksi, uingojee ndani, na uikague namba yake kabla ya kufungua mlango.